Deni la damu katika Kanda ya Ziwa

Kati ya watoto wachanga watano wanaozaliwa huku Kanda ya Ziwa, mmoja amebeba jeni moja ya sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Namba hii imetoka maabara. Pale Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, kulikuwa na matone ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyochukuliwa kwa watoto wa akina mama wanaoishi na VVU ili wapimwe virusi mapema. Watafiti waliyarudia matone hayo, zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi mwa nchi, safari hii wakitafuta sikoseli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: watoto wapatao 20 katika kila 100 wana jeni moja, na mmoja na ushei katika kila 100 ana jeni mbili, yaani anaumwa.

Mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye kwetu ni mdogo wangu tu bila maelezo zaidi, ana jeni mbili. Nimekaa naye wodini usiku ambao maumivu ya mifupa yalimfanya yeye, mtu mzima mwenye kazi yake, aombe tumwache afe. Mama mdogo alikuwa upande wa pili wa kitanda akimkanda miguu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akirudia "ng'wanawane, ng'wanawane", yaani mwanangu, mpaka kukapambazuka. Baada ya hapo nikaanza kusoma kila nilichopata, kwa sababu ya swali ambalo halikunitoka kichwani. Ugonjwa unaoua watoto kabla hawajafika umri wa kuzaa ulipataje nafasi ya kuenea namna hii? Kwa hesabu ya kawaida ya urithi, ulitakiwa uwe umejifuta zamani sana.

Jibu liko kwenye malaria. Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, imeandikwa kwenye vinasaba kwa herufi, na katika sikoseli herufi moja tu imebadilika. Aliyerithi herufi hiyo kwa baba na kwa mama, chembe zake hukakamaa na kujipinda pale oksijeni inapopungua, zinaziba mishipa midogo na kuvunjika kabla ya wakati. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja anaishi kama watu wengine, anacheza mpira, anabeba magunia, anazeeka. Ila vimelea vya malaria vikiingia kwenye chembe zake havistawi, na hatari yake ya kupata malaria kali inapungua kwa karibu asilimia 90. Kwa mtoto wa kijijini wa miaka elfu moja iliyopita, ambaye hakuwa na chandarua wala dawa ya mseto, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani afike utu uzima.

Aliyeunganisha mambo haya aliyaona huku huku kwetu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya, na mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Oxford, alirudi na msafara wa utafiti akawa anapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akakuta kwamba Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye jeni ya sikoseli walizidi 20 kwa 100, na nyanda za juu, kwenye baridi na mbu wachache, karibu hawakuwepo. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba malaria ndiyo iliyokuwa ikiilinda jeni hiyo isipotee. Ulikuwa mmoja wa mifano ya kwanza iliyoonyesha wazi uteuzi wa asili ukifanya kazi kwa binadamu, na ramani yake inapita kwenye mwambao wetu. Huwa inanisikitisha kwamba mwanafunzi wa Nyamagana anaweza kumaliza kidato cha sita anajua habari za nondo wa Manchester waliogeuka weusi kwa moshi wa viwanda, na hajawahi kuambiwa kwamba mfano mkubwa kuliko huo unatembea kwenye damu ya wenzake watano au sita darasani.

Kuna jambo lingine ambalo linanigusa zaidi, nalo linahusu jembe. Mwaka 1958 mwanaanthropolojia Frank Livingstone alionyesha, kwa kutazama Afrika Magharibi, kwamba sikoseli ilifuata kilimo. Msitu mnene una kivuli na maji yaliyofunikwa. Mbu wanaosambaza malaria hatari zaidi wanapenda vidimbwi vyenye jua. Mkulima akifyeka, akachimba, akakaa mahali pamoja na watu wengi, amewapa mbu makazi na chakula kwa mpigo. Utafiti mmoja wa mwaka 2018 uliochambua vinasaba vya watu wenye jeni hii ulikadiria kwamba ilianza kwa mtu mmoja, yapata miaka 7,000 iliyopita. Ilisafiri na vizazi vyake, wakiwemo wakulima wa Kibantu waliofika nchi za maziwa makuu na mbegu zao, na ambao vipande vya vyungu vyao vya Urewe bado vinaokotwa upande wa Kagera. Nikipita Misungwi au Magu wakati wa masika na kuyaona majaruba ya mpunga yamejaa maji mpaka upeo wa macho, naona mambo mawili kwa pamoja: chakula cha mji wa Mwanza, na historia ya damu yetu. Babu zetu walichagua kulima. Kilimo kilichagua mbu. Mbu wakachagua nani abaki.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Watu 20 kati ya 100 wakiwa na jeni moja, na wakioana bila kujuana hali, ndoa 4 katika kila 100 zitakuwa za wabebaji wawili. Katika ndoa hizo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye jeni mbili. Ukizidisha unapata mtoto mmoja katika kila 100, karibu sawa na kile maabara ilichokikuta. Maana yake wale 20 waliokingwa wanalipiwa na huyo mmoja. Na anayelipa hakuambiwa. Bila matibabu, zaidi ya nusu ya watoto hawa hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na kinachowaua mara nyingi ni malaria ile ile ambayo jeni moja inaizuia, maana mwenye jeni mbili hana nguvu ya kuihimili inapomshika.

Hapo ndipo ninapoiona kama deni. Mimi sina uhakika wa mnyororo wote wa waliotangulia, lakini yeyote aliyezaliwa na watu wa mwambao huu ana bibi au babu fulani, mahali fulani huko nyuma, aliyevuka utoto kwa sababu alikuwa na jeni moja. Uhai wetu umepitia kwake. Ndugu zake wenye jeni mbili walikufa wadogo, na hakuna anayewataja kwenye ukoo.

Tena walikufa huku watu wakitafuta wa kulaumu. Ugonjwa wa kurithi una tabia ya kurudia nyumba moja. Mtoto wa kwanza anavimba vidole vya mikono na miguu, macho yanakuwa ya njano, anaishiwa damu, anakufa. Wa tatu naye hivyo hivyo. Jirani watoto wake wote wazima. Kwa mtu asiye na darubini, hilo linafanana kabisa na kazi ya mkono wa mtu, yaani uchawi. Waigbo wa Nigeria walikuwa na imani ya mtoto anayekufa na kurudi tumboni mwa mama yule yule kumtesa, na madaktari wengi wameihusisha imani hiyo na sikoseli. Usukumani lawama iliangukia kwa bibi. Upande wa mama yangu kuna bibi aliyeondoshwa kwenye mji wake, huko vijijini, kwa sababu wajukuu zake walikuwa wanakufa na yeye alikuwa na macho mekundu. Alikuwa amepika kwa kuni na mavi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha tangu alipoolewa. Mama alikuwa msichana mdogo, na anachokumbuka ni kwamba hakuna mtoto wake hata mmoja wa kiume aliyesimama kumtetea. Yeye aliishia kuhama. Vikongwe wengi wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu waliuawa kwa mapanga kwa sababu kama hiyo, na bado ni jambo linalotakiwa kutuondolea usingizi.

Naisimulia habari hiyo kwa sababu kuna nadharia maarufu ambayo naona inashindwa kuieleza. Mwanasaikolojia Mark Schaller alipendekeza kwamba binadamu, mbali na kinga iliyomo kwenye damu, ana kinga ya kitabia: kinyaa, woga wa jipu na kikohozi, tahadhari kwa mtu usiyemjua. Hilo nalikubali, mtoto hafundishwi kuziba pua. Mwaka 2008 yeye na wenzake, wakiwemo Corey Fincher na Randy Thornhill, walikwenda mbali zaidi. Walilinganisha nchi kwa nchi wakasema palipo na magonjwa mengi ya kuambukiza watu hujifungia kwenye makundi yao, hushika mila kwa nguvu na humwogopa mgeni, kwa sababu mgeni anaweza kuleta ugonjwa ambao wenyeji hawana kinga nao. Wengine wakawajibu kwamba nchi jirani zinafanana kwa sababu nyingi, kwamba umaskini na historia ya ukoloni vinakwenda pamoja na magonjwa, na kwamba ukivitenganisha uhusiano ule unalegea.

Mimi naongeza ushahidi wa mwaloni, pale wavuvi wanapofikia na boti zao. Sehemu yenye mzigo mkubwa wa magonjwa kuliko mialo ya ziwa hili ni ngumu kuipata: malaria, kichocho, kipindupindu msimu wa mvua, VVU. Kwa nadharia ile, huko ndiko mgeni angekimbiwa. Nenda basi mwalo wowote wa Ukerewe, Kome au Sengerema. Utakuta Mkerewe, Mkara, Msukuma, Mjita, Mjaluo, Mhaya na Muha wanavuta wavu mmoja, na kijana aliyeshuka na boti asubuhi bila kujulikana na mtu, jioni anaingia ziwani na dagaa wake wa kwanza anapewa kesho yake. Msemo wetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu walioishi na magonjwa kwa karne nyingi waliona ujio wa mgeni kama nafasi ya kupona. Na siku hofu ilipopanda, ilimgeukia nani? Haikumgeukia mgeni. Ilimgeukia bibi aliyewalea, ndani ya boma lile lile. Nadharia inayosema magonjwa huwafanya watu wawapende wa kwao na kuwaogopa wa nje itabidi ikae chini na bibi yule.

Kichocho nacho ni somo la kinga ya kitabia kushindwa na riziki. Kila mtoto wa shule anajua konokono na mabuu yanayopenya ngozi. Anajua, na bado anaoga ziwani, kwa sababu maji ni hayo.

Historia ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, inaonyesha upande mwingine. Miaka ya 1890 sotoka iliua sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, watu wakapungua kwa njaa na ndui, na mashamba na malisho yakarudi kuwa vichaka. Vichakani wakaingia wanyamapori na mbung'o. Kuanzia mwaka 1900 mlipuko wa malale ulipiga pwani ya kaskazini ya ziwa, upande wa Busoga na Buganda, na katika miaka kama 20 uliua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000. Robert Koch, yule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alipitia Mwanza mwaka 1906 akaenda kupiga kambi visiwa vya Sese, akawachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye arseniki; baadhi yao walipofuka. Waingereza waliwahamisha watu kwa amri kutoka pwani na visiwani, Wajerumani wakajenga kambi za kuwatenga wagonjwa upande wao. Miaka ya 1920 na 1930 Tanganyika nayo ilihamisha vijiji vizima magharibi mwa nchi ili kuwakusanya watu mbali na mbung'o. Ugonjwa ulibadilisha mahali watu walipoishi, nani jirani wa nani, na misitu ipi ikaja kuwa hifadhi. Lakini waliofanya uamuzi hawakuwa waliokuwa wakiugua.

Na ndani ya damu kulikuwa na pambano lingine, la zamani zaidi. Vimelea vinavyoua ng'ombe kwa nagana, ugonjwa ndugu wa malale, haviwezi kumuua binadamu, kwa sababu damu yetu ina protini iitwayo APOL1 inayovitoboa. Vimelea vya malale ya mashariki vilipata njia: vina protini inayoinasa APOL1 na kuizima. Halafu baadhi ya watu wakawa na APOL1 yenye umbo tofauti kidogo lisilonasika kirahisi. Mwaka 2010 iligundulika kwamba maumbo hayo, ambayo yameenea zaidi Afrika Magharibi kuliko huku, mtu akiyarithi kwa wazazi wote wawili yanaongeza sana hatari ya figo kufeli. Ni sehemu ya sababu Wamarekani weusi wanaugua figo kuliko wenzao weupe. Mpango ni ule ule wa sikoseli. Kinga ya wengi, na gharama kwa mwenye jeni mbili. Ndiyo namna ambavyo uteuzi wa asili unafanya kazi pale ugonjwa unapobana: unachukua kinachopatikana, hauulizi ataumia nani, na unahitaji maelfu ya miaka na makaburi mengi ya watoto.

Ndiyo maana naiheshimu sana ile njia nyingine ambayo binadamu peke yake ameifikisha mbali, ya kubadilisha mwenendo bila kusubiri damu ibadilike. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Kuna watu duniani wenye jeni zinazowachelewesha kuugua, na kama tungeachiwa uteuzi wa asili, wao na wajukuu zao ndio wangebaki. Badala yake watu wa huku walianza kufanya mambo. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, jamii 12 ziliingia kwenye utafiti ambao zahanati za nusu yake ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa, na maambukizi mapya ya VVU kwenye nusu hiyo yalipungua kwa karibu asilimia 40. Desturi ya kurithi wajane, iliyokuwa na maana yake nzuri ya kumlinda mama na watoto, ilianza kuachwa, koo moja baada ya nyingine, kwenye vikao vya msiba ambako wazee walilazimika kuzungumza yasiyozungumzika.

Halafu ikaja tohara. Kimila Wasukuma hawatahiri, na kabla ya miaka ya karibuni mwanaume mzima kulizungumza hilo hadharani lilikuwa jambo zito. Majaribio matatu ya Afrika Kusini, Kisumu huko Kenya na Rakai huko Uganda yalipoonyesha kwamba tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kupata VVU kwa karibu asilimia 60, Kanda ya Ziwa ikawa mojawapo ya maeneo ya kampeni. Wanaume wengi hawakuja. Watafiti wakaenda kwa wachungaji, mapadri na viongozi wengine wa makanisa. Katika vijiji 16 vya huku, vijiji 8 viongozi wa makanisa walipewa mafunzo, wakajadiliana Biblia inasemaje na sayansi inasemaje, kisha wakarudi kwa waumini wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: katika vijiji hivyo wanaume waliotahiriwa walifika karibu 53 kwa 100, na katika vile vingine karibu 30. Desturi ya kabila kubwa kuliko yote nchini imesogea ndani ya kizazi kimoja, bila mtu kulazimishwa, kwa sababu watu wanaoaminiwa walikaa na kuongea na watu wao.

Nimesema njia ya binadamu peke yake, na hapo nina la kuongeza kuhusu kuuguza, maana naona ndiko nadharia za woga zinakopwaya zaidi. Wanyama wengi humkwepa mgonjwa. Nyani aina ya mandrili wa Gabon, kwa mfano, huacha kumchambua manyoya mwenzao mwenye vimelea vya tumboni. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha wanamtambua hata kwa harufu. Lakini watafiti wale wale waliporudi kuangalia zaidi, mwaka 2020, walikuta kwamba ndugu wa tumbo moja na mama na watoto wake hawamwachi. Wanaendelea kumchambua, kwa hatari yao. Sisi tumeichukua tabia hiyo tukaitandaza mpaka kwa mkwe, jirani, na mtu wa dini moja. Panda kilima cha Bugando alasiri, wakati wa kuona wagonjwa, uangalie wanaopanda na hotpoti za uji na kanga zilizofunga nguo safi. Wengi wamelala kwa watu wasiowajua vizuri huko Igogo au Mabatini ili wawe karibu. Kuna mwanamke niliyemkuta korido moja akimlisha mgonjwa ambaye si ndugu yake. Wa kwake alikuwa ameruhusiwa siku iliyotangulia, akaona yule wa kitanda cha jirani hana mtu. "Baba, ningemwachaje?" akaniambia, kisha akaendelea na kijiko.

Gharama ya tabia hiyo ni ya kweli. Machi 2023, Marburg ilipoibuka Bukoba Vijijini, watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na miongoni mwao walikuwemo watu wa familia moja na wahudumu wa afya. Kirusi cha aina hiyo huambukiza kwa majimaji ya mwili, kwa hiyo humfuata anayeosha, anayelisha, anayefuta matapishi. Kwa mahesabu ya uteuzi peke yake, tabia ya kuuguza ingetakiwa kufa pamoja na wauguzaji. Haijafa. Maelezo ninayoyaamini ni kwamba katika kundi la watu wanaouguzana, wanaopona ni wengi kuliko wanaoambukizwa kwa kuuguza: mgonjwa wa malaria au wa kuhara anayepewa maji, uji na mtu wa kumgeuza kitandani huwa na nafasi kubwa kuliko aliyetelekezwa, na kesho yake yeye ndiye anayesimama kuuguza. Ugonjwa, basi, umetengeneza wema wetu pamoja na kinyaa chetu, na ni kosa kufundisha kimoja na kuacha kingine.

Ndiyo maana siwezi kukubali sikoseli iendelee kuonekana kama balaa la nyumba chache zenye bahati mbaya. Hata malaria ikitoweka kesho, jeni hii haitoweki nayo. Nakala zake nyingi ziko kwa wabebaji wazima ambao hawana dalili yoyote. Kwa kiwango cha Kanda ya Ziwa, faida yake ikiondoka kabisa, itachukua vizazi kama 10, yaani miaka 250 hivi, kupungua kufika nusu tu, na hilo ni kwa sharti la kikatili kwamba hakuna mwenye jeni mbili atakayeishi hadi kuzaa. Sharti hilo tunalikataa. Kinachobaki ni tiba. Mwaka 2019 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika Uganda, Kenya, Angola na Kongo, watoto wakipewa kidonge cha haidroksiyurea kila siku: vipindi vya maumivu vilipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua. Mdogo wangu anakitumia. Dawa ipo na inajulikana. Tatizo ni bei, upatikanaji wake nje ya hospitali kubwa, na watoto wanaokufa kabla hawajatambuliwa. Mfuko wa umma unaolipia haya haumsaidii mhitaji kwa hisani. Unalipa kilichokopwa.

Vijana wanaotaka kuoana wananiuliza kama wapime. Wapime, na wapime wote wawili, kwa sababu nimeona familia ikimpima binti peke yake kisha ikamrudisha kwao kana kwamba nusu nyingine ya jeni hutoka kwa majini. Majibu yakionyesha wote ni wabebaji, uamuzi ni wao, si wa shangazi wala wa mchungaji. Kitu ambacho nawaomba wasikiache ni kumpima mtoto mara anapozaliwa. Miezi ya mwanzo mtoto bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haijipindi, kwa hiyo anaonekana mzima kabisa na bibi zake watakuambia usimtoe damu bure. Himoglobini hiyo inapungua taratibu, na kuanzia karibu mwezi wa sita vidole vinaweza kuanza kuvimba. Katika miezi hiyo ya utulivu ndipo penisilini inapaswa kuanza, chanjo zikamilike, chandarua kifungwe kila usiku, na mama afundishwe kupapasa bandama upande wa kushoto wa tumbo, ili likivimba ghafla ajue ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.